Mwalimu na Silaha za Maangamizi

Mwezi wa Agosti 1916 manowari za Uingereza ziliupiga mizinga mji wa Bagamoyo ili kuwatoa Wajerumani. Vita ile ilianzia Ulaya. Mvuvi wa Bagamoyo hakushauriwa, wala hakuwa na ugomvi na upande wowote. Hata hivyo mizinga ilimfikia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyeishi miaka mingi Msasani katika pwani hii hii, hakukubali kwamba nyasi hazina haki ya kusema. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akauacha ualimu ili aiongoze TANU. Nchi yetu ilipojitawala Desemba 1961, Ufaransa ilikuwa imekwisha kulipua mabomu ya nyuklia katika jangwa la Sahara, kuanzia Februari 1960. Bara letu lilifanywa uwanja wa majaribio bila ya ridhaa ya wenyewe. Ndipo Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika, Mwalimu akiwa miongoni mwao, walipotamka mjini Cairo kwamba Afrika iwe eneo lisilo na silaha hizo.

Mei 1984, uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti ulipokuwa umepamba moto, Mwalimu aliungana na viongozi wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio na utengenezaji wake. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Indira Gandhi wa India aliuawa Oktoba mwaka huo huo; Olof Palme wa Sweden akauawa Februari 1986. Mwalimu hakurudi nyuma. Hata baada ya kung'atuka Urais Novemba 1985 aliendelea, na Agosti 1986 alikuwa pamoja na wenzake huko Ixtapa, Mexico. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa zahanati haina haja ya kujishughulisha na mabomu ya wengine. Hoja hiyo haina uzito. Bomu halimbagui maskini, na ahadi za wakubwa huvunjika. India yenyewe ililipua mabomu Mei 1998, Mwalimu akiwa hai. Mkataba wa makombora uliotiwa sahihi na Marekani na Umoja wa Kisovieti Desemba 1987 ulikufa mwaka 2019.

Kwa hiyo hapana budi viongozi wetu waendelee pale alipoishia. Mkataba wa Pelindaba, uliolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, una nguvu ya sheria tangu Julai 2009. Mwaka 2019 Tanzania ilitia sahihi Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo duniani. Sahihi hiyo ni deni. Tunawataka viongozi wetu walilipe kwa vitendo: wautetee Mkataba huo bila woga katika kila baraza la mataifa, na wahakikishe kwamba urani ya Namtumbo haitumiki kamwe kutengenezea bomu.

Kumwenzi Mwalimu kwa nyimbo na sherehe hakutoshi.