Jeff Astle: Straika aliyeuawa na vichwa vyake mwenyewe

JIONI ukipita kwenye uwanja wa kijiji hapa Naipingo, utawakuta vijana wamepanga mstari. Mmoja anarusha mpira juu, mwenzake anaruka na kuupiga kichwa, kisha anarudi nyuma ya foleni kusubiri zamu yake tena. Wanafanya hivyo mpaka giza linaingia. Anayepiga kwa nguvu anashangiliwa. Anayekwepa anaitwa muoga.

Tangu Namungo ya jirani zetu wa Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019, kila dogo wa huku Nachingwea anaamini iko siku naye atacheza Uwanja wa Majaliwa. Ni ndoto nzuri na hakuna wa kuwakatisha tamaa.

Lakini kabla hawajaendelea na zile ndosi, kuna mtu inabidi wamjue. Anaitwa Jeff Astle. Alikuwa straika wa England, na kifo chake ndicho kilichowafanya madaktari waanze kuangalia upya kinachotokea ndani ya kichwa cha mchezaji wa mpira.

MTOTO WA MJI WA MAKAA

Astle alizaliwa Mei 13, 1942 katika mji wa Eastwood, Nottinghamshire. Ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe, ambako kijana alikuwa na njia mbili tu: ashuke chini ya ardhi au atafute riziki miguuni mwake. Yeye alichagua mpira. Alianza soka la kulipwa na Notts County akiwa bado kinda.

Mwaka 1964, West Bromwich Albion ikatoa Pauni 25,000 kumnunua. Kwa bei za leo hiyo inaonekana hela ya viatu, lakini enzi hizo ilikuwa fedha nzito. Na jamaa aliilipa yote.

Silaha yake kubwa ilikuwa kichwa. Krosi ikipigwa kutoka pembeni, mabeki walijua Astle anakuja na bado hawakuweza kumzuia. Aliruka mapema, akasubiri hewani, akaugonga mpira kwa paji la uso. Akicheza mechi Jumamosi, siku nyingine alikuwa mazoezini akirudia jambo lilelile mara nyingi sana. Hakuna aliyehesabu. Nani angehesabu? Ile ndiyo ilikuwa kazi yake.

MFALME WA HAWTHORNS

Pale kwenye uwanja wa nyumbani wa West Brom, The Hawthorns, mashabiki walimpa jina la Mfalme. Alicheza mechi 361 na kufunga mabao 174. Mwaka 1966 alikuwamo katika kikosi kilichobeba Kombe la Ligi.

Ila kilichomweka kwenye vitabu ni Mei 18, 1968. Fainali ya Kombe la FA, Wembley, West Brom dhidi ya Everton. Dakika 90 zikaisha 0-0. Mwanzoni tu mwa dakika za nyongeza Astle akapiga shuti, likambabatiza mpinzani, mpira ukamrudia. Akaupiga tena kwa mguu wa kushoto, ambao si mguu wake, ukaingia. Mechi ikaisha 1-0. Msimu huo alifunga katika kila raundi ya kombe hilo.

Angalia mpira ulivyo na vituko. Bao linalokumbukwa kuliko yote ya bingwa wa vichwa lilifungwa kwa mguu.

Msimu wa 1969/70 alimaliza kinara wa mabao Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa England wakati huo, akiwa na mabao 25. Akaitwa timu ya taifa na kwenda Kombe la Dunia Mexico. Katika mechi na Brazil ya kina Pelé, England ikiwa nyuma kwa bao la Jairzinho, Astle aliingia kutoka benchi. Akapata nafasi ya wazi ya kusawazisha, akapiga nje. Ndivyo soka lilivyo. Unafunga 174 halafu watu wanakutania kwa moja ulilokosa. Aliichezea England mechi tano tu.

Aliondoka West Brom mwaka 1974, akaenda Afrika Kusini kuichezea Hellenic, kisha akarudi kumalizia mpira katika klabu ndogondogo za Uingereza. Alipotundika daluga hakuwa tajiri. Alifungua biashara ya usafi wa majengo na kusafisha madirisha. Miaka ya 1990 akaibuka tena kwenye kipindi cha televisheni cha mambo ya soka, akiimba na kuchekesha watu. Kizazi ambacho hakikumwona akicheza kikampenda.

KUMBUKUMBU ZINAPOTEA

Akiwa katikati ya miaka ya 50, familia yake ikaanza kuona mambo yasiyoeleweka. Alikuwa anasahau. Mwanzoni ni vitu vidogo, vile ambavyo nyumbani mtu anasema ni uzee tu. Baadaye ikawa majina ya watu wake wa karibu. Madaktari wakasema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao kawaida huwapata wazee wenye miaka mingi zaidi yake.

Ukafika wakati Mfalme wa Hawthorns hakukumbuka kwamba aliwahi kucheza mpira. Fainali ya Wembley, Mexico, yale mabao 174, vyote vilifutika kichwani mwake wakati mashabiki bado wanavisimulia.

Januari 19, 2002, akiwa nyumbani kwa binti yake, alipaliwa na kufariki. Alikuwa na miaka 59.

HUKUMU YA 2002

Uingereza, kifo chenye utata huchunguzwa na ofisa maalumu wa vifo. Novemba 2002 ofisa huyo alisikiliza ushahidi wa daktari aliyeuchunguza ubongo wa Astle. Ulikuwa na majeraha yanayofanana na yale ya bondia, na kugongwa na mpira miaka nenda rudi ndicho kilichotajwa kuwa chanzo kikubwa.

Uamuzi ukatoka kwamba Astle amekufa kwa ugonjwa unaotokana na kazi. Tafsiri yake ni ileile ya mchimba makaa wa Eastwood aliyekufa kwa vumbi la mapafu. Alikwepa machimbo, lakini kazi aliyoichagua nayo ikamdai.

Ungedhani baada ya hapo soka lote lingesimama na kujiuliza. Wapi! Miaka ikapita. Mke wake Laraine na mabinti zake, Dawn akiwa mstari wa mbele, wakawa wanagonga milango ya wakubwa wa soka na kurudi mikono mitupu. Utetezi uliosikika sana ni kwamba tatizo lilikuwa mipira ya zamani ya ngozi iliyokuwa inanyonya maji na kuwa mizito.

Hoja hiyo ina tundu. Mpira mkavu wa zamani na wa leo uzito wake ni karibu sawa, gramu 410 hadi 450. Wa leo haunyonyi maji, ni kweli, lakini unakimbia kwa kasi zaidi. Ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, ubongo nao unatikisika, awe mtu kagongwa na mpira wa ngozi au wa plastiki.

DAKTARI WA GLASGOW

Mwaka 2014 familia ilikubali ubongo wa Astle uchunguzwe upya na Dk Willie Stewart, bingwa wa magonjwa ya ubongo kutoka Glasgow, Scotland. Majibu yake yakageuza stori. Kilichomuua Astle hakikuwa ugonjwa wa kawaida wa uzeeni. Kilikuwa CTE, uharibifu wa ubongo unaoletwa na kutikiswa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Astle akawa mwanasoka wa kwanza wa kulipwa Uingereza kuthibitishwa kuwa nao.

Ugonjwa huu haukuanza kwenye soka. Mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wanatembea na kuongea kama walevi bila kugusa pombe. Na mwaka uleule wa 2002 aliofariki Astle, daktari Mwafrika aliyezaliwa Nigeria, Bennet Omalu, aliukuta ndani ya ubongo wa Mike Webster, nyota wa mpira wa Kimarekani.

Ubaya wa CTE ni kwamba mtu akiwa hai huwezi kuithibitisha. Picha za kichwa zinaweza kuonekana safi kabisa. Daktari anasikiliza dalili: kusahau, hasira zisizo na sababu, huzuni, kuchanganyikiwa. Uthibitisho hupatikana baada ya kifo, ubongo ukikatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa hadubini, ambako protini iitwayo tau huonekana imejikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu. Dawa ya kuuponya haipo. Kwa hiyo kinga ndiyo tiba.

NAMBA ZIKAONGEA

Mwaka 2019 Dk Stewart na wenzake walitoa utafiti wa wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland, wakiwalinganisha na watu wa kawaida kama 23,000. Wanasoka walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo. Huo ndio uzuri wa mazoezi. Lakini uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo ulikuwa mara tatu na nusu zaidi.

Mwaka 2021 wakachambua kwa namba za uwanjani. Mabeki, wanaookoa kwa kichwa kila siku, hatari yao ilifika karibu mara tano. Makipa, wasiopiga vichwa, hawakuonekana kuwa na ongezeko la maana. Hapo mwenye masikio asikie.

Ndipo sheria zikaanza kubadilika. Mwaka 2020 England, Scotland na Ireland Kaskazini zilisema watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Mwaka 2021 England ikashauri wachezaji wakubwa wasizidishe vichwa 10 vya nguvu kwa wiki mazoezini. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka mchezaji wa akiba wa ziada pale mwenzake anapotikiswa ubongo.

SISI HUKU JE?

Naipingo hakuna mashine ya kupima kichwa. Upasuaji mkubwa wa ubongo unafanyika MOI pale Muhimbili, na kutoka huku hadi Dar es Salaam ni safari ndefu ya basi. Ndiyo maana tunahitaji zaidi kinga isiyo na gharama.

Makocha wetu wa mchangani, wadogo chini ya miaka 12 wafundisheni pasi, kudhibiti mpira na kupiga chenga. Kichwa kitasubiri. Wakubwa wafundishwe namna ya kuruka na kugonga kwa paji la uso, mara chache, na mpira usiojazwa upepo ukawa kama jiwe.

Mchezaji akigongana kichwa halafu akapata kizunguzungu, akaona vitu viwiliviwili, akatapika au akasahau matokeo, mtoeni na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali na mnafungwa. Akizimia, akipata degedege au kutapika mfululizo, mpelekeni hospitali muda huohuo. Kumwagia maji usoni na kumwambia akaze si matibabu.

Aprili 11, 2015, West Brom walicheza na Leicester wakiwa wamevaa jezi za mtindo wa mwaka 1968 kumkumbuka Mfalme wao, na siku hiyo ndipo taasisi yenye jina lake ilipozinduliwa. Nje ya The Hawthorns kuna geti lenye jina la Astle tangu mwaka 2003. Mashabiki wanalipita kila wiki wakienda kutazama mechi.

Kesho jioni vijana wetu watapanga mstari tena pale uwanjani. Kocha, ukiwa wewe ndiye unayerusha mpira, hesabu. Vikitimia vichwa vichache, uweke chini wacheze kwa miguu.