Aneurin Bevan: Waziri aliyejiuzulu kwa ajili ya miwani na meno ya bandia

Uingereza ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa mshindi, lakini hazina yake ikiwa tupu. Mwaka 1946 ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, deni ambalo lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Mwaka huo huo wa 1946 hata mkate, ambao vita vyenyewe havikuugusa, ulianza kutolewa kwa mgao. Katika ufukara huo ndipo Waziri wa Afya, Aneurin Bevan, alipoamua kwamba kila mkazi wa nchi hiyo atibiwe bila ya kudaiwa chochote.

Bevan alizaliwa Novemba 15, 1897, huko Tredegar, mji wa machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa Wales. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, akaingia mgodini. Alikuwa na kigugumizi, ambacho alipambana nacho hata akawa mmoja wa wasemaji hodari kabisa bungeni. Baba yake, naye mchimba makaa, alifariki dunia mwaka 1925 kwa maradhi ya mapafu yaliyoletwa na vumbi la mgodini. Familia haikupata fidia, kwa kuwa sheria haikuyatambua maradhi hayo.

Hata hivyo, Tredegar ilikuwa na jambo ambalo miji mingi tajiri haikuwa nalo. Wafanyakazi walikatwa sehemu ndogo ya mishahara yao, na kwa fedha hizo chama chao cha matibabu kiliajiri madaktari na kuwahudumia karibu wakazi wote wa mji. Bevan alikuwa mjumbe wa kamati ya hospitali ya hapo. Alijionea kwamba watu ambao hakuna hata mmoja wao angemudu gharama za daktari peke yake, kwa pamoja walimudu.

Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa mbunge wa Ebbw Vale kwa tiketi ya Chama cha Labour. Alipokuwa waziri, upinzani mkali zaidi aliupata kwa madaktari: katika kura yao ya Februari 1948, takriban tisa katika kila kumi waliikataa sheria yake. Aliwalegeza kwa kuwaruhusu mabingwa kuendelea kuwatibu wagonjwa wa kulipa ndani ya hospitali za umma. Huduma ya Taifa ya Afya ilianza Julai 5, 1948.

Gharama zilipita makadirio. Katika mwaka wa kwanza tu zilitolewa miwani zaidi ya milioni tano. Uhitaji uliokuwa umefichwa na umaskini ulijitokeza wote kwa mpigo. Bevan mwenyewe alilazimika mwaka 1949 kuukubali mswada ulioruhusu ada ya dawa, ingawa aliizuia isitozwe.

Mwaka 1951, vita vya Korea vikiendelea, Serikali ilipanga kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, aliamua wagonjwa wachangie nusu ya bei ya miwani na meno ya bandia, ili zipatikane pauni milioni 13 katika mwaka huo. Ikumbukwe kwamba Januari ya mwaka huo Serikali hiyo hiyo ilikuwa imeufuta mradi wake wa karanga huko Tanganyika, ulioteketeza takriban pauni milioni 36 Kongwa na kwingineko.

Bevan, wakati huo akiwa Waziri wa Kazi, alijiuzulu Aprili 1951. Wengi walimwona mkaidi aliyekivunja chama chake kwa kiasi kidogo cha fedha, na kweli Labour ilishindwa katika uchaguzi wa Oktoba. Lakini alikuwa ameonya pia kwamba viwanda havikuwa na malighafi wala mitambo ya kutengeneza silaha zote hizo. Winston Churchill aliporejea madarakani aliupunguza mpango huo. Ada za wagonjwa hakuziondoa. Mwaka 1952 serikali yake iliongeza ada ya dawa.

Bevan alifariki dunia kwa saratani ya tumbo Julai 6, 1960, akiwa na umri wa miaka 62. Wales, alikozaliwa, iliifuta ada ya dawa mwaka 2007. Ile ya meno ya bandia ingali inatozwa.