Dizeli lilikuwa jina la mtu

Ukifika soko la Kongowea alfajiri, kabla jua halijachomoza, utazijua pikapu kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Ile ya petroli huja kwa mngurumo mwororo, ikazimwa na kunyamaza. Ile ya dizeli, hasa ikiwa ya zamani, huja ikigonga mithili ya mtu anayetwanga kinu kitupu. Na penye pikapu hizo mbili hapakosi wabishi wawili, kila mmoja akiisifu yake na kuitia ila ya mwenziwe.

Jirani yangu mmoja, mfanyabiashara wa nazi, alinijia barazani akiwa na fedha zake mkononi na swali moja kichwani. Alitaka pikapu ya kubebea nazi kutoka pande za Kilifi, naye hakujua achague petroli au dizeli. Nilimwambia kwamba jibu la swali lake linaanzia kwa mtoto mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni. Akadhani namfanyia mzaha.

Mtoto huyo ndiye Rudolf Diesel. Kila siku tunalitaja jina lake kwenye vituo vya mafuta tukidhani ni jina la mafuta tu, kama yalivyo mafuta ya taa. Alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858, walakini wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Bidhaa zikiisha kutengenezwa, kijana Rudolf ndiye aliyezipakia mkokotenini na kuzisukuma katika njia za Paris mpaka milangoni kwa wateja. Alipopata faragha aliingia katika jumba la makumbusho ya ufundi la mji huo, akasimama kulitazama gari la mvuke la Cugnot, dude la karne ya 18 lililoundwa kwa ajili ya kuvuta mizinga. Twaweza kukisia alichowaza mtoto yule aliyetoka kusukuma mzigo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, na watu wa asili ya Kijerumani wakalazimika kuihama Paris. Jamaa hii ilikimbilia London, na huko maisha yakawa dhiki. Rudolf, umri wake miaka 12, akapelekwa Augsburg peke yake akakae na jamaa za wazazi wake. Mwenye nyumba ile alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapo ndipo mtoto alipoamua kuwa mhandisi, na hakugeuka tena.

Chuoni Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengenezea barafu. Siku moja Linde aliwafundisha wanafunzi wake kwamba injini ya mvuke, iliyokuwa fahari ya zama zile, hugeuza kuwa kazi kiasi cha sehemu 10 tu katika kila sehemu 100 za joto la makaa, au pungufu ya hapo. Zilizobaki hupotea hewani. Rudolf aliliandika wazo lake juu ya jambo hilo pembeni mwa daftari, na wazo lile halikumwacha usingizi maisha yake yote. Alihitimu mwaka 1880 kwa alama za juu mno.

Miaka kumi iliyofuata aliitumikia biashara ya barafu ya Linde. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Mchana akiuza mashine za ubaridi, usiku akitafuta siri za moto.

Lazima nieleze hapa, kwani bila ya haya ubishi wa Kongowea hautaeleweka. Injini ya mfano wa petroli ilikuwa imekwishatangulia. Mjerumani Nicolaus Otto aliitengeneza ile ya mipigo minne mwaka 1876, na mwaka 1886 Carl Benz alikuwa na gari lenye injini ya aina hiyo. Ndani ya injini hii hewa na mvuke wa petroli huingia silinda pamoja, pistoni ikavishindilia, kisha plagi ikatoa cheche na moto ukawaka. Ila haiwezekani kushindilia kupita kiasi, kwa maana mchanganyiko ule utawaka wenyewe kabla ya wakati wake na injini itagonga na kuharibika.

Diesel alikwenda njia nyingine. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hushika joto mkononi. Hewa ikishindiliwa, hupata moto. Basi Diesel akasema moyoni, kwa nini nisishindilie hewa peke yake, tena kwa nguvu kubwa, mpaka iwe na moto wa kuyawasha mafuta mara tu yakipulizwa ndani? Plagi haihitajiki. Cheche haihitajiki. Na kwa kuwa hewa imeshindiliwa zaidi, nayo baadaye hutanuka zaidi na kuisukuma pistoni kwa muda mrefu, mafuta yale yale hufanya kazi kubwa zaidi. Injini ya petroli ya pikapu za zamani hushindilia mara 8 au 9 hivi; ya dizeli ilifika mara 20 au kupita. Tofauti zote za pikapu hizi mbili, uzito, bei, sauti na ulaji wa mafuta, zimetoka hapo.

Aliomba hataza yake Februari 1892, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kueleza nadharia yake. Lakini nadharia ile ilikuwa na kosa. Alikuwa ameahidi kwamba mafuta yatawaka bila ya joto kuzidi, jambo ambalo kwa vitendo halikuwezekana. Mwenyewe aliligundua, akaomba hataza ya pili iliyorekebisha mambo, wala hakulitangaza kosa lake hadharani. Mahasidi wake walilihifadhi jambo hilo kwa miaka ishirini.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumjaribia, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha. Tarehe 10 Agosti 1893, mafuta yalipopulizwa ndani kwa mara ya kwanza, kipimo cha nguvu kiliripuka na vipande vikaruka hewani. Wengine wangefunga karakana. Diesel alifurahi, maana moto ulikuwa umewaka bila cheche. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ikamchukua miaka mitatu mingine ya kubomoa na kuunda upya, hata Februari 1897 Profesa Moritz Schröter akaja kuipima rasmi, akakuta inageuza kuwa kazi sehemu 26 na ushei katika kila 100 za joto. Hapakuwa na injini nyingine duniani iliyofika hapo.

Lakini tuitazame yenyewe. Nguvu zake zilikuwa kama za farasi 20, na umbo lake ni chuma kilichompita mtu kimo, kwa sababu kuta zake zilipaswa kuwa nene zihimili shinikizo, na pembeni yake palihitajika mashine nyingine ya kushindilia hewa ya kupulizia mafuta. Injini hiyo huwezi kuitia katika gari dogo, na hata ungeweza, gari lisingebakiwa na nafasi ya kikapu kimoja cha nazi. Na hapa ndipo penye uchungu wa maisha ya mtu huyu. Alitaka injini ndogo ya kumfaa fundi mdogo, mtu wa karakana ya nyumbani kama baba yake, apate kushindana na wenye viwanda. Walioipokea ni wenye viwanda wenyewe, kisha wenye meli. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri bahari kuu kwa injini za dizeli, bila ya dohani kubwa wala makaa. Fundi mdogo akabaki pale pale.

Jambo moja katika habari zake latuhusu sisi wa Afrika. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, kampuni moja ya Ufaransa iliiendesha injini ya Diesel kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka hivyo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga humea kwa wingi. Injini ilikwenda vizuri hata waliopita hawakutambua kwamba ilikuwa ikila karanga. Injini ya petroli haiwezi kustahimili chakula hicho.

Fedha zilimjia kwa mafuriko. Adolphus Busch, mpikaji pombe mashuhuri wa Marekani, alinunua haki za injini hiyo kwa nchi yake kwa alama milioni moja za Kijerumani. Diesel akajenga jumba la fahari Munich. Lakini aliyeweza kupima joto la silinda hakuweza kupima watu wa biashara. Alipoteza mali katika ununuzi wa ardhi, akashtakiana na waliodai wamemtangulia, kichwa kikawa kinamuuma, na alilazwa akatibiwa uchovu wa akili. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa na hataza ya mwaka 1890 ya injini isiyo na plagi, na wako mpaka leo wanaosema heshima ni yake. Kwa maoni yangu, ile ya Mwingereza ilihitaji kwanza kupashwa moto kwa taa kutoka nje. Kushindilia hewa mpaka iwashe yenyewe mafuta ni kazi ya Diesel.

Mwaka 1905 alisafiri na wanawe kwa motokaa hadi Italia. Hebu fikiri, msomaji: mwenye dizeli barabarani akiendeshwa na petroli! Hakuwa na la kufanya, dizeli ya kutosha ndani ya motokaa haikuwapo. Alijaribu kuiunda kabla ya mwaka 1910, lakini soko likaikataa.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp kwenda Uingereza, yeye na wenzake wawili. Walikula pamoja, wakatembea kidogo, na yapata saa nne usiku akaenda chumbani baada ya kuagiza aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi hakuwamo. Kitanda hakikulaliwa, nguo ya kulalia ilikuwa imetandazwa, kofia na koti vikakutwa juu karibu na reli ya meli. Katika kitabu chake cha kumbukumbu tarehe ile ilikuwa imetiwa alama ya msalaba. Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Bahari ilikuwa imechafuka, wakachukua vitu vidogo vya mfukoni na mwili wakaurejesha majini. Mwanawe alivitambua vitu vile kuwa ni vya baba yake. Wako wanaosema aliuawa na maadui wa kibiashara au wa kivita. Mimi nikiangalia madeni yaliyogunduliwa baada ya kufa kwake, ambayo hata mkewe hakuyajua, nahofia kwamba hakuna aliyemsukuma. Umri wake ulikuwa miaka 55. Kaburi hana.

Waliompunguzia mtoto wake uzito ni wengine. Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alibuni chumba kidogo cha kuwashia mafuta mwaka 1909, na mwaka 1927 Robert Bosch akaanza kuuza pampu ya kupulizia mafuta bila mashine ya hewa. Malori ya dizeli yakaanza kuuzwa miaka ya 1920, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa motokaa ya 260D, iliyopendwa na wenye teksi. Kisha bei ya mafuta ikapanda ghafla mwaka 1973, na kabla ya mwongo kwisha Toyota, Datsun, Isuzu na Peugeot zote zilikuwa zikitia dizeli katika pikapu ndogo. Mkokoteni wa Paris ulikuwa umepata injini yake, miaka 60 na zaidi baada ya mwenyewe kuzama.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, anunue ipi? Nikamwambia, dizeli hula kidogo na huvuta mzigo mlimani bila kupiga kelele za kuomba gia, kwa sababu nguvu zake huja injini ikiwa bado inazunguka polepole. Lakini ununuzi wake ni ghali zaidi, na pampu na nozeli zake si za kufunguliwa chini ya mwembe. Dizeli za siku hizi zina turbo na kompyuta, na hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa mno, hivyo maji kidogo au vumbi katika tanki ni hasara ya mwezi mzima. Ya petroli ni nyepesi, haraka, kimya, na mafundi wake wako kila kichochoro. Tena moshi wa dizeli si wa kuchezea: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika orodha ya vitu viletavyo maradhi hayo. Pikapu mpya zina chujio la masizi, nalo huziba gari likienda safari fupi fupi za mjini.

Tukahesabu safari zake: Kilifi na kurudi, mara nne kwa wiki, pikapu imejaa mpaka juu. Kwa mwendo huo, dizeli. Kama angekuwa muuza mikate wa kuzunguka Majengo na Buxton, ningemwambia petroli bila kufikiri mara mbili.

Alinunua ya dizeli, kuukuu lakini nzima. Siku ya kwanza mjukuu wake alisoma maandishi kwenye kifuniko cha tanki, akaniuliza hiyo Diesel ni kampuni ya nchi gani.