Mwinue Kwanza: Maisha ya William Booth

Kwa miaka mingi mlevi nilimhubiria jambo moja tu: acha dhambi, uokoke. Ndugu yangu mdogo alipopoteza kibarua akaingilia chang'aa, nilimwombea mlangoni, kisha huyo, nikarudi kwangu kula. Sikumuuliza kama amekula, wala usiku analala vipi. Maisha ya William Booth ndiyo yalinishtaki.

Booth alizaliwa mwaka wa 1829 huko Nottingham, Uingereza. Biashara ya baba yake ilianguka, na akiwa na miaka 13 kijana akatolewa shule akafanye kazi kwa mkopeshaji wa rehani, kama hawa mashailoki wetu wa mtaani. Hapo aliujua umaskini kwa karibu. Akaokoka akiwa na miaka 15. Mwaka wa 1855 alimwoa Catherine Mumford. Baba ya Catherine alikuwa mhubiri, lakini pombe ilimshinda. Kwa hivyo shida hii haikuwa ya majirani tu. Ilikuwa ndani ya nyumba.

Mwaka wa 1865 Booth alihubiri nje ya baa iliyoitwa Blind Beggar, huko Whitechapel, mashariki mwa London. Watu walibanana vyumbani, kazi ni ya leo, kesho hakuna. Wengi walikunywa ili wasahau. Ile pesa kidogo ikaisha, huzuni ikazidi, wakarudi baa tena. Booth akaona kamba hiyo haikatwi na mahubiri pekee.

Mwaka wa 1878 kazi yake iliitwa Jeshi la Wokovu. Mwaka wa 1890, mwaka ule ule Catherine alikufa kwa saratani, akatoa kitabu In Darkest England and the Way Out. Humo alitaja farasi wa kuvuta gari London. Akianguka barabarani, anainuliwa kwanza, hakuna anayeuliza ni kosa la nani. Tena farasi huyo ana chakula, pa kulala na kazi. Booth alitaka binadamu naye apate angalau hayo matatu. Hakulegeza msimamo lakini: askari wa Jeshi lake hawakunywa pombe.

Alikufa mwaka wa 1912, macho yakiwa yameshapofuka. Mwaka wa 1921 Jeshi likafika hapa Kenya.

Juzi nilirudi kwa ndugu yangu nikiwa na unga, nikakaa chini. Akanieleza kwamba tangu kazi iishe hapati usingizi, na kuna siku ameona heri kufa. Mimi mhubiri, sikuwa najua! Kesho yake tulienda hospitali pamoja. Bado hajaacha kabisa, na bado naomba.

Mpendwa, kuna mlevi kwenye ploti yenu. Wiki hii, kabla hujamfungulia Biblia, muulize kama amekula. Halafu keti umsikilize.