Henry Royce, Fundi Asiyeridhika

Ndugu askari, wengi wetu hapa Kigali tumepata kutazama sinema za zamani, na kila mara huzuka ubishi: gari lile refu ni la aina gani? Jawabu huwa usoni mwa gari. Rejeta yenye umbo la hekalu la kale la Wagiriki, na juu yake sanamu ya mwanamke aliyeinamia mbele kama anayekabili upepo, ni alama za Rolls-Royce. Sanamu hiyo ilianza mwaka 1911. Katika sinema ya Goldfinger ya mwaka 1964, gari ambalo bodi yake ilitengenezwa kwa dhahabu ya magendo ili ivushwe mpakani ni Phantom III ya mwaka 1937, yenye silinda 12.

Mwenye akili iliyozaa magari hayo ni Henry Royce, aliyezaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, Uingereza. Baba yake, msaga nafaka, alifariki mtoto akiwa na miaka 9. Royce akauza magazeti, kisha akawa tarishi wa simu za maandishi. Alianza kujifunza ufundi katika karakana ya reli mjini Peterborough, lakini jamaa aliyemlipia ada akaishiwa fedha kabla mafunzo hayajakamilika. Hakukata tamaa. Mwaka 1884 alifungua karakana yake ndogo ya umeme mjini Manchester.

Baadaye alinunua gari kuukuu la Kifaransa, akaziona kasoro zake, na mwaka 1904 akaunda la kwake. Mwaka huo huo alikutana na Charles Rolls, muuza magari, wakashirikiana. Mwaka 1907, ule ule ambao mji wetu wa Kigali ulianzishwa, gari lao la Silver Ghost liliendeshwa kilometa zipatazo 24,000 mbele ya wakaguzi. Lilipofunguliwa, gharama ya kulirejesha katika upya wake ilizidi kidogo tu pauni 2.

Vita vilipozuka mwaka 1914, magari hayo yalivikwa deraya, na mwaka 1916 yalipigana hata katika nchi za Kilimanjaro. Askari aliyekaa ndani yake hakumjua fundi aliyekaza nati, lakini uhai wake ulikuwa mikononi mwa fundi huyo.

Sifa hiyo haikupatikana bure. Royce alizoea kusahau chakula na usingizi kazini, na mwaka 1911 akaugua sana. Tangu hapo aliishi mbali na kiwanda, akiwaongoza wahandisi wake kwa michoro na barua. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933, kabla Phantom III haijatoka kiwandani.

Basi tulitambuapo gari lake katika sinema, tusiishie kulitaja jina. Kesho alfajiri, kabla ya doria, tuinue boneti na kukagua wenyewe. Wenzetu watapanda gari hilo wakituamini.