Maumivu ya goti yameisha? Usikimbilie uwanjani

Kama wewe au mwanao mmefanyiwa upasuaji wa gegedu au ligamenti ya goti, huenda mnashangaa daktari akiendelea kuwakataza kukimbia ilhali maumivu yameisha. Sababu yake tunaweza kuifuatilia hadi kwa daktari wa upasuaji John Hunter.

Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1728. Shule haikumvutia, akaiacha mapema. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyekuwa akifundisha anatomia, na huko kipaji chake kikaonekana. Alitibu majeruhi wa vita jeshini, na mwaka 1768 akawa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya St George's. Mmoja wa wanafunzi wake ni Edward Jenner, aliyetuletea chanjo ya ndui.

Alipokaribia miaka 40, kano ya kisigino chake ilikatika. Hakutaka kukisia itaungaje. Aliwakata mbwa kadhaa kano hiyo kwa sindano iliyopenyezwa chini ya ngozi, kisha akawachunguza kwa nyakati tofauti. Aliona kwamba kano huunga hatua kwa hatua, kama mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi. Alifariki mwaka 1793.

Watafiti waliomfuata wakauliza zaidi: kilichounga kina nguvu kiasi gani? Kwa sungura, mbwa na kondoo, walishikiza kano au gegedu la goti kwenye mfupa, wakasubiri wiki au miezi, kisha wakavuta kwa mashine hadi likaachia. Wiki za mwanzo huachia kirahisi, mara nyingi palepale liliposhikizwa. Nguvu huongezeka miezi inavyopita, ingawa mara nyingi haifikii ile ya asili.

Ndivyo lilivyo goti lako pia. Gegedu hupata damu kidogo, na sehemu yake ya ndani karibu haipati kabisa, hivyo hupona taratibu. Maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi.

Kwa hiyo, usitupe magongo kabla hujaruhusiwa, wala usikatishe mazoezi ya viungo. Baada ya upasuaji wa ligamenti, kurudi kwenye mpira huchukua takriban miezi 9 au zaidi. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla unapotembea, mrudie daktari wako mapema.