Fahrenheit, yatima wa nyuzi 32

Hapa Ibanda mafundi redio huniletea hesabu moja: chuma cha kulehemu kilichonunuliwa Mpondwe kina herufi F, je, kiwekwe nyuzi ngapi? Herufi hiyo ni ya Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyezaliwa Danzig mwaka 1686. Wazazi wake walifariki siku moja mwaka 1701 kwa kula uyoga wenye sumu. Walezi wakampeleka Amsterdam ajifunze biashara; yeye akapenda vipimo. Alipotoroka, wakaomba akamatwe. Sisi tuliosomea ukimbizini tunaijua hali hiyo. Alitangatanga nchi kwa nchi, na mwaka 1714 akaonyesha vipimajoto viwili vilivyokubaliana, jambo la ajabu enzi hizo. Baadaye akatumia zebaki.

Kwenye kipimo chake barafu huyeyuka kwenye nyuzi 32. Basi, ndugu fundi, toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Ukiweka 350 ya F, unapata 177 tu za Celsius, na lehemu ya bati na risasi haiyeyuki kabla ya 183. Utakandamiza mpaka uharibu redio ya watu! Weka 662; hiyo ndiyo 350 ya Celsius.

Fahrenheit alifariki The Hague, Uholanzi, mwaka 1736, akazikwa huko huko ugenini.